Sura ya Saba: Kati ya Mapafu na Mabomba

Wapelelezi wa Philadelphia tuliwaacha Januari 1977, pale Joseph McDade wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani alipotangaza kwamba muuaji wa maveterani wa American Legion ni bakteria, tena bakteria ambaye hakuwa ameandikwa katika kitabu chochote. Watu 221 waliugua kiangazi cha 1976, 34 wakafa. Lawama iliangukia mtambo wa kupoza hewa wa hoteli ya Bellevue-Stratford, na kwa miaka kadhaa kila aliyelisikia jina la lejionela aliinua macho kutazama paa, kwenye minara ya kupozea maji inayorusha ukungu juu ya mji. Bafuni hakutazama mtu.

Walioanza kutazama bafuni ni mtafiti Tobin na wenzake, mjini Oxford, Uingereza. Katika kitengo cha kupandikiza figo cha hospitali ya Churchill ilizuka nimonia kwa wagonjwa waliokuwa wakinywa dawa za kuituliza kinga ya mwili, isije ikaikataa figo ngeni. Mtu wa namna hiyo hana ngao. Kijidudu ambacho wewe na mimi tungekikohoa na kukisahau kinaweza kumlaza kaburini. Watafiti wakachota maji ya bomba la mvua walilokuwa wakiogea wagonjwa hao, wakayaotesha maabara, na mwaka 1980 wakaandika katika jarida la Lancet kwamba lejionela alikuwa bafuni.

Fikiri maana yake. Hospitali ndilo jengo linalowakusanya watu dhaifu kuliko wote mjini na kuwalaza mwisho wa mabomba marefu kuliko yote mjini. Maji yanapashwa moto chini kabisa, karibu na jiko na chumba cha kufulia, kisha yanapandishwa ghorofa baada ya ghorofa, yanapita juu ya dari za wodi, yanazunguka na kurudi. Katika jengo la miaka hamsini hakuna mtu mmoja anayeijua safari hiyo yote. Michoro ilipotea zamani, na fundi aliyejua kona zote amestaafu.

Mji wa Pittsburgh, Marekani, ndio uliotufundisha mengi zaidi kuhusu safari hiyo, na tutaurudia tena baadaye katika sura hii. Katika hospitali ya maveterani ya mji huo daktari Victor Yu na mwanamaikrobaiolojia Janet Stout walikuwa wakipata wagonjwa wa lejionela mwaka hadi mwaka, bila mlipuko mkubwa wa kuitia habari magazetini: mmoja leo, wawili mwezi ujao. Wakaamua kuacha kuwatazama wagonjwa peke yao. Walikwenda kwenye matangi ya maji ya moto, wakachokonoa midomo ya koki, wakafungua vichwa vya mabomba ya mvua. Matokeo yao ya mwaka 1982 yalionyesha kwamba lejionela amejaa katika mfumo mzima wa maji ya hospitali, na kwamba makao yake makuu ni mashapo ya chini ya matangi ya maji ya moto.

Niseme mapema ninachokiamini, ili msomaji aweze kunipinga akitaka. Kumdhibiti lejionela hospitalini si tatizo la dawa wala la mitambo, ingawa dawa na mitambo vinahitajika. Ni tatizo la ofisi mbili zisizosalimiana. Daktari anayajua mapafu lakini hajawahi kushuka kwenye chumba cha boila; fundi anayajua mabomba lakini hajui nani amelazwa chumba namba ngapi na anaumwa nini. Lejionela anaishi katikati yao.

Kwanza tumjue. Bakteria huyu ni mwenyeji wa maji baridi ya kawaida: mito, maziwa, udongo uliolowa. Anaingia katika mabomba ya mji kwa idadi ndogo hata pale ambapo maji yametibiwa vizuri, na kwa idadi hiyo hamdhuru mtu. Maabarani anadeka. Bila chuma na asidi ya amino iitwayo sisteini haoti, ndiyo maana sahani za kawaida za kuoteshea vijidudu zilishindwa kumwonyesha mwaka 1976. Swali lililowasumbua watu lilikuwa hili: kiumbe mwenye kuchagua chakula kiasi hicho anawezaje kushamiri ndani ya bomba, ambamo hamna kitu ila maji?

Jibu lilitoka Leeds, Uingereza, mwaka 1980. Timothy Rowbotham alionyesha kwamba lejionela hali peke yake. Anamezwa na amiba, yule mdudu wa seli moja anayetambaa juu ya utelezi wa majini akila bakteria. Amiba humeza bakteria na kuwayeyusha. Lejionela akishamezwa anakataa kuyeyuka. Anajifungia ndani ya kifuko, anatumia akiba ya mwenyeji wake, anazaana hadi amiba anapasuka na kumwaga kizazi kizima majini. Sasa, ndani ya mapafu yetu kuna seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kutambaa na kumeza wavamizi. Zinameza kwa namna inayofanana sana na ya amiba. Lejionela akivutwa pamoja na matone madogo ya maji, au mgonjwa akipaliwa na maji ya kunywa yakashuka kwenye njia ya hewa, anafika mahali ambapo kazi yake ameshaijua tangu bombani.

Kwa hiyo binadamu kwake ni ajali. Mgonjwa hamwambukizi jirani yake wa kitanda. Katika miaka yote hii ni kisa kimoja tu kinachodhaniwa kuwa kimetoka kwa mtu kwenda kwa mtu, Ureno mwaka 2014. Ukipata wagonjwa wawili katika wodi moja usitafute nani alimkoholea nani. Tafuta maji yaliyowafikia wote wawili.

Amiba ana jambo jingine linalowaumiza kichwa mafundi. Maisha yakiwa magumu hujikunja na kujijengea ganda. Mwaka 1990 Kilvington na Price waliripoti kwamba lejionela aliyejificha ndani ya ganda la amiba alistahimili klorini ya miligramu 50 kwa lita. Maji ya bomba ya kunywa kwa kawaida hubeba chini ya miligramu moja. Na amiba wenyewe wamejibanza katika utando wa utelezi unaoshika kuta za bomba, juu ya kutu na chokaa, umekamata kama ukoko wa wali chini ya sufuria: maji yanapita juu yake kutwa kucha, wenyewe haubanduki.

Basi kama klorini haimfikii, nini kinamfikia? Joto. Na hapa namba zinastahili kusomwa polepole, maana sura nzima imesimama juu yake. Chini ya nyuzi joto 20 lejionela anasinzia: hafi, hazaani. Kati ya 20 na 45 anazaana, na katikati ya nyuzi thelathini na kitu za kipimajoto, karibu na joto la mwili wetu, ndiko anakostawi kuliko kote. Kwenye 50 anakufa, lakini kwa kujivuta, saa nzima na zaidi kuwapunguza kwa asilimia 90. Kwenye 60 kazi ileile inachukua kama dakika mbili. Kwenye 70 ni papo hapo.

Kutoka hapo inazaliwa kanuni ambayo kila mwongozo wa nchi zenye uzoefu umeirudia kwa maneno yake: maji ya moto yawe ya moto kweli, ya baridi yawe ya baridi kweli, na katikati pasiwe na kitu. Uingereza inataka tangi lihifadhi maji kwa nyuzi 60 au zaidi. Hospitalini maji yafike kwenye koki yakiwa na 55 ndani ya dakika moja tangu kufunguliwa, na yanayorudi kwenye tangi baada ya kuzunguka jengo yasiwe yamepoa chini ya hapo. Ya baridi yabaki chini ya 20.

Kanuni nyepesi hivi ingekuwa imekwisha kuutatua mkasa wote huu. Mbona haikuutatua? Kwa sababu maji ya nyuzi 60 ni silaha. Moritz na Henriques, watafiti wa Harvard waliochapisha kazi yao mwaka 1947, walipima muda ambao ngozi huhimili maji ya moto: kwenye 60 sekunde tano zinatosha kuiunguza vibaya, wakati kwenye 49 inachukua dakika kadhaa. Wodini kuna bibi wa miaka themanini asiyehisi vizuri miguuni, kuna mtoto, kuna aliyepooza asiyeweza kuruka nje ya beseni. Muuguzi mkuu anayetaka maji yapunguzwe moto ana haki. Ongeza na mhasibu, ambaye tangu bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973 alijua kwamba kila nyuzi moja inayoshushwa kwenye boila ni fedha iliyookolewa. Mtu wa usalama na mtu wa fedha, ambao ni nadra kukubaliana, walikubaliana katika jambo hili moja: tangi lishushwe. Lejionela akapewa nyumba, chakula na blanketi.

Suluhisho lililopatikana ni vali ya kuchanganyia. Maji yanasafiri yakiwa na moto wake wote hadi karibu na koki, na hapo vali inayachanganya na ya baridi, yatoke kwa nyuzi 41 kwenye bomba la mvua, au zisizozidi 44 kwenye beseni la kuogea. Ni akili nzuri. Ila rudi ukatazame zile namba: 41 ni ndani kabisa ya eneo la kuzaana. Kipande cha bomba kilichobaki baada ya vali, pamoja na mpira wa bomba la mvua na kichwa chake, kimekuwa kitalu kidogo, tena nyuma ya ukuta, mahali pasipoonekana. Ndiyo maana wabunifu wanasisitiza vali ikae jirani kabisa na tundu la kutokea maji, na ndiyo maana vali hizo zinatakiwa kufunguliwa, kusafishwa na kupimwa kwa ratiba. Nimeona majengo mapya ambamo vali moja imefichwa darini ikihudumia vyumba sita. Aliyeichora aliokoa bei ya vali tano.

Tangi nalo lina hila zake. Maji ya moto hupanda, ya baridi hukaa chini. Kwa hiyo kipimajoto kilichofungwa juu ya tangi kinaweza kusoma 60 kwa ukweli mtupu huku chini, kwenye tope la chokaa na kutu, mna 35. Tangi linapaswa kuwa na koki ya chini ya kumwagia mashapo, na koki hiyo inapaswa kufunguliwa, si kupakwa rangi pamoja na ukuta. Tangi la akiba lililokaa miezi bila kutumika ni hatari kuliko yote: siku linaporudishwa kazini kwa haraka, bila kupashwa moto kwanza hadi chini, linamwaga hazina yake yote mabombani kwa mara moja.

Kisha kuna mabomba yaliyokufa. Hakuna hospitali inayobaki ilivyojengwa. Wodi inageuzwa ofisi, bafu linageuzwa stoo ya mashuka, sinki linang'olewa. Fundi anakata bomba, anaziba kwa kizibo, anaondoka, na kwa mtazamo wake amemaliza kazi kwa sababu hapavuji. Nyuma ya kizibo kimebaki kipande cha mita moja au tano cha maji yasiyokwenda popote, yaliyoungana na maji yanayokwenda kila mahali. Bomba la namna hiyo likatwe pale lilipochipukia. Na koki ambayo ipo lakini haitumiki, kama ile ya chumba cha kujitenga kisichokuwa na mgonjwa, ifunguliwe na maji yaachwe yatiririke; hospitali za Uingereza zinaelekezwa kufanya hivyo angalau mara mbili kwa wiki. Kazi hiyo ni ya kuchosha, haina sifa, na ndiyo ya kwanza kurukwa wafanyakazi wakipungua.

Hata mipira ya koki imewahi kutuhumiwa ikakutwa na hatia. Mwaka 1984 Colbourne na wenzake walionyesha kwamba katika hospitali moja ya Uingereza lejionela alikuwa akiota juu ya washa za mpira ndani ya koki. Na teknolojia ya kisasa si lazima iwe rafiki. Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, ilifunga koki zinazojifungua zenyewe mkono ukikaribia, kwa nia njema ya kupunguza vijidudu vya mikononi. Mwaka 2011 watafiti wake walieleza kwamba nusu ya sampuli za maji kutoka koki hizo ziliotesha lejionela, dhidi ya asilimia 15 kutoka koki za kuzungusha kwa mkono. Ndani ya koki hizo mna vali nyingi na vijia vyembamba, na maji yanapita kwa uchache. Hospitali ikaziondoa katika maeneo ya wagonjwa ikarudi kwenye koki za zamani. Habari hii naipenda kwa sababu hakuna aliyeona haya kurudi nyuma.

Sasa turudi Pittsburgh. Baada ya kumkuta lejionela matangini, kundi la Yu na Stout lilijaribu kumtoa kwa moto: joto la tangi likapandishwa kupita 60, wakati mwingine hadi 77, kisha koki zote zikafunguliwa maji hayo yapite hadi mwisho. Ilifanya kazi. Lakini nusu saa ya maji ya kuunguza katika kila koki ya hospitali yenye wagonjwa vitandani ni operesheni ya kijeshi, na baada ya majuma au miezi bakteria hurudi kutoka katika kona ambazo joto halikufika. Baadaye hospitali ikafunga mtambo wa ayoni za shaba na fedha: vijiti vya metali hizo hupitishiwa umeme kidogo, navyo huachia chembe zinazoua bakteria hata mbali na tangi. Idadi ya wagonjwa ikashuka. Hospitali nyingine zikaja kujifunza.

Zipo njia nyingine, na nitazipita haraka kwa sababu kila muuzaji ataisifu yake. Klorini kwa wingi inafanya kazi, huku ikiyala mabomba. Klorini dioksaidi inapenya utelezi vizuri zaidi, ila huchukua muda mrefu kufika mwisho wa jengo. Kloramini ina ushahidi unaonivutia: San Francisco ilipobadili dawa ya maji ya mji mzima mwaka 2004, kutoka klorini kwenda kloramini, watafiti waliokuwa wakifuatilia majengo 53 waliona yenye lejionela yakishuka kutoka asilimia 60 hadi 4. Kichujio chenye matundu ya maikroni 0.2 kikifungwa mdomoni mwa koki kinazuia bakteria kutoka, na katika wodi ya saratani ya damu ni kitu cha kununua bila kubishana. Ila hakisafishi mfumo, kinamlinda mtu mmoja kwenye koki moja kwa majuma machache.

Mwaka 2006 uongozi wa hospitali ya maveterani ya Pittsburgh uliifunga maabara ya Yu na Stout. Sampuli za bakteria zilizokusanywa kwa miongo kadhaa ziliharibiwa, jambo lililofika hadi kwenye kamati ya Bunge la Marekani. Mtambo wa shaba na fedha ulibaki. Matangi yalibaki. Waliondoka waliokuwa wakishuka chini na chupa za sampuli kisha wakapanda wodini kutazama picha za vifua.

Kati ya 2011 na 2012 ugonjwa ulirudi katika hospitali ileile. Wapelelezi wa kituo cha kudhibiti magonjwa walipoitwa walihesabu wagonjwa 22 waliothibitishwa au waliodhaniwa kuambukizwa humo ndani, 6 walifariki. Walichota sampuli sehemu 25, na sehemu 23 zikaotesha lejionela. Kinachostaajabisha ni hiki: viwango vya wastani vya shaba na fedha majini vilikuwa sawa na alivyopendekeza mtengenezaji, au juu zaidi. Mtambo ulisoma vizuri. Bakteria walikuwa hai.

Wapo waliosema basi mbinu ya shaba na fedha haifai, na wapo, akiwamo Stout mwenyewe, waliosema tatizo ni namna ilivyosimamiwa. Ubishi huo sitauamua mimi. Ila ripoti ya mkaguzi mkuu wa idara ya maveterani ya mwaka 2013 ilitaja mambo ambayo hayahitaji shahada ya kemia kuyaelewa. Kumbukumbu za usimamizi wa mtambo zilikosekana kwa vipindi virefu. Koki na mabomba ya mvua hayakuwa yakifunguliwa na kuachwa yatiririke kama ilivyoelekezwa. Si kila mgonjwa aliyepata nimonia akiwa hospitalini alipimwa lejionela. Na mawasiliano kati ya timu ya kuzuia maambukizi na idara ya mafundi hayakuwa ya uhakika. Ofisi mbili, salamu hakuna. Hospitali iliyoufundisha ulimwengu kwamba mapafu na mabomba ni habari moja iliruhusu habari hiyo igawanyike tena, na kila upande ukabaki na nusu isiyoua wala kuponya.

Hoja ya kupima wagonjwa inahitaji neno zaidi, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa na mafundi, na hata na madaktari wengi. Nimonia ya lejionela haina uso wake. Homa, kikohozi, mkanganyiko wa akili, mara nyingine kuharisha. Picha ya kifua inafanana na ya nimonia nyingine yoyote. Dalili huanza kati ya siku 2 na 14 tangu kuvuta maji hayo, kwa hiyo wengine huugulia nyumbani wakiwa wameshasahau kwamba walilazwa. Penisilini na jamaa zake, pamoja na sindano ya ceftriaxone, hazimfikii bakteria kwa sababu amejificha ndani ya seli. Zinahitajika azithromycin au levofloxacin. Kipimo cha haraka ni cha mkojo, na ni kizuri, lakini hugundua kundi moja tu la lejionela, lile linaloongoza kwa kuua. Kipimo hicho huwakosa walioambukizwa kundi jingine. Asiyepima hatakuta, na asiyekuta ataandika kwenye taarifa ya mwaka kwamba hospitali yake haina lejionela. Wanaougulia hospitalini hufa karibu mmoja kati ya wanne.

Juni 2017 mamlaka ya Marekani inayolipia matibabu ya wazee iliziamuru hospitali zote zinazopokea fedha zake ziwe na mpango wa maandishi wa kusimamia maji. Miaka arobaini na moja tangu Philadelphia.

Na kwetu? Katika hospitali nyingi za umma za Afrika Mashariki maji ya moto ya bomba hayafiki wodini. Ndugu wanapasha maji, mgonjwa anaogea ndoo na kopo. Si jambo la kujivunia, lakini ndoo hairushi ukungu, na katika hatari hii moja maskini ana nafuu. Hali inabadilika. Hospitali mpya za ghorofa, nyingi zikiwa za binafsi, zinajengwa na matangi ya kati, mabomba ya kuzungusha na hita za jua juu ya paa. Kenya ilitunga mwaka 2012 kanuni za kuyataka majengo yanayotumia maji mengi ya moto yafunge hita za jua. Ni sera nzuri kwa umeme. Ila siku ya mawingu ya Julai, Nairobi, tangi la jua lisilo na msaada wa umeme linakaa kwenye 35 au 40 kuanzia asubuhi hadi jioni, na mgonjwa anaoga akishukuru kwamba maji si ya baridi.

Pwani kuna tatizo ambalo miongozo ya Uingereza haikulifikiria. Nusu ya kanuni yao inataka maji ya baridi yawe chini ya nyuzi 20. Dar es Salaam au Mombasa, maji ya simtanki jeusi lililokaa juani juu ya paa huwa vuguvugu mchana, na hata usiku ni nadra kushuka kufikia hapo. Kwetu bomba la baridi nalo ni bomba la kuzalishia. Tena kwa kuogopa mgao wa maji tunaweka matangi makubwa kupita mahitaji, maji yanalala humo siku tatu nne, klorini ya mji inapotea, tope linatulia chini. Mgao ukiisha maji yanarudi kwa kishindo na kulitibua lote. Hospitali ya pwani haina budi kupigana kwa njia nyingine: matangi yawekwe kivulini, yasafishwe kwa ratiba, yasizidi matumizi ya siku moja mbili, na klorini ipimwe mwisho wa bomba, kwenye koki ya mgonjwa, siyo kwenye mita ya getini. Pale ambapo fedha ni chache, hita inayopasha maji papo hapo kwenye kichwa cha bomba la mvua ni salama kuliko tangi kubwa la vuguvugu, kwa sababu haihifadhi kitu.

Hayo yote yanaanza na kipimajoto, kalamu na daftari, na mtu mwenye jukumu la kupita kila mwezi kwenye koki iliyo karibu kabisa na tangi na ile iliyo mbali kabisa, akaandika alichosoma. Halafu daftari hilo lipelekwe kwenye kikao cha kamati ya kuzuia maambukizi, na fundi aliyeliandika apewe kiti mezani, asisimamishwe mlangoni. Kikao hichohicho kimweleze ni wagonjwa wangapi wa nimonia waliopatikana mwezi huo na walilala wapi.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa mjumbe wa bodi ya hospitali, au daktari, au una mzazi aliyelazwa baada ya kupandikizwa figo, omba uonyeshwe daftari la joto la maji. Kama muuguzi anakutuma kwa fundi, na fundi anakurudisha kwa muuguzi, daftari halipo, na mgonjwa wako asioge chini ya bomba la mvua la hapo mpaka litakapopatikana.